Magurudumu ya Kumteremshia Bibi

Juzi mjukuu wangu alinichukua sokoni Darajani tukatafute magurudumu ya baiskeli yake ya mashindano. Mwenye duka akatutolea ya namna mbili: mepesi ya kupandia mlima, na mengine mazito kidogo, yanayotulia wakati wa kuteremka. Kijana akanigeukia, kwa utani, "Bibi, ungekuwa wewe ungechukua yepi?" Kimawazo nilikuwa nshafika Masingini, mwaka alioolewa mama yangu mdogo.

Unguja haina milima, hilo unalijua. Lakini aliyewahi kupanda Masingini na baiskeli hatakubali ukimwambia kile ni kilima tu. Bibi, mama yake mama yangu, akikaa kule juu, katika nyumba ya udongo iliyozungukwa na mikarafuu. Sisi tukikaa mjini, Ng'ambo. Skuli zikifungwa nilipelekwa kwake, nikawa namkunia nazi, nafagia ua, naanika karafuu kwenye majamvi hadi mikono ikanuka karafuu siku nyingi baada ya kurudi mjini. Asubuhi tulikula mhogo wa nazi, moshi wa kuni ukitutoa machozi, na Bibi akicheka kuwa nalilia chakula kitamu.

Mwaka ule magoti yake yalikuwa yamemshinda. Magari ya abiria yalipita chini, barabara ya Bububu, na hayakuwa yakipanda njia ile ya udongo. Akatuma salamu kwamba harusi ya mwanawe wa mwisho, iliyokuwa ifanyike kwetu, ataisikia kwa watu. Mama alizipokea salamu zile akiwa anachambua mchele, mchele wenyewe wa shida siku hizo. Akaendelea kuchambua huku machozi yanamdondokea kwenye ungo.

"Ntamteremsha mimi," Baba akasema.

"Kwa kitu gani?"

"Kwa baiskeli."

Mama akamtazama. "Mama hatakubali. Akushike wewe kiuno?"

Hapo ndipo palipokuwa na tabu. Baba na Bibi walikuwa mtu na mkwewe, na waliheshimiana mpaka ikawa kama wanaogopana. Bibi hakuwahi kula mbele yake. Akitaka kumwambia neno, alinipitishia mimi, na Baba mwenyewe amesimama pale pale: "Mwambie baba yako maji ya kuoga yapo tayari." Baba naye akinijibu mimi: "Mwambie Bibi, ahsante."

Alasiri tulikwenda kwa jirani yetu, fundi wa baiskeli. Baraza yake ilinuka gundi na mpira, na magurudumu yalining'inia ukutani. Baiskeli ya Baba ilikuwa na magurudumu membamba, mepesi, aliyokuwa akiyapenda sana. Ila breki zake ziliteleza kukiwa na umande. Fundi alikuwa na jengine la nyuma, lililotoka kwenye baiskeli ya muuza maziwa: ringi pana, tairi nene, na breki yake ndani ya kitovu, ukirudisha pedali nyuma linashika.

"Hili lako litakupandisha," fundi akasema. "Hili la maziwa hutapanda nalo. Utalisukuma mpaka juu. Wewe unataka kupanda au kuteremka?"

"Nataka kuteremka na mama mkwe wangu."

Fundi akaigeuza baiskeli chini juu, akaanza kufungua nati.

Asubuhi ya siku ya harusi nilikaa nyuma, kwenye karia, mpaka chini ya kilima, kisha nikashuka, Baba akavuta usukani nami nikasukuma karia. Lile gurudumu lilikuwa zito kama lina mtu tayari. Baba alilowa shati lote.

Bibi alikuwa amekaa kizingitini, amevaa buibui, kana kwamba alijua. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaitazama baiskeli.

"Mwambie baba yako mimi si gunia la nazi."

Baba akachuchumaa mbele yake, macho chini. "Mwambie Bibi mwanawe hataki kutoka ndani mpaka amwone mamake."

Nikafungua mdomo nipeleke maneno. Bibi akainua mkono kuninyamazisha. Akaomba asaidiwe kuinuka. Baba alikunja kanga akaitandika kwenye karia, akalifunga buibui la Bibi vizuri lisije likaingia kwenye gurudumu. Bibi akakaa, akashika chuma cha karia kwa mikono miwili. Kiuno cha Baba hakukigusa.

Wakaondoka, mimi nakimbia nyuma. Pale njia inapopinda palikuwa na majani yaliyolowa na mteremko mkali. Nikaliona gurudumu la nyuma linateleza, baiskeli ikaenda upande. Bibi akaachia chuma, akamkumbatia Baba kwa nguvu zote, uso wake mgongoni kwake.

"Shika breki, mwanangu!"

Baba akarudisha pedali, gurudumu likashika. Walifika chini salama, nami nikawakuta wamesimama kando ya barabara, Bibi bado amemshika. Kisha mimi na Bibi tukapanda gari mpaka mjini, na bibi harusi akamwona mamake, akatoka ndani.

Baada ya siku chache Baba alimrudisha. Kwa gurudumu lile hakuna wa kupanda kilima, basi akamketisha Bibi kwenye karia akawa anaisukuma baiskeli taratibu. Mimi nikaambiwa nitangulie nikawashe moto.

Bibi hakukaa sana duniani baada ya hapo, na Baba naye ameshatangulia. Mikarafuu mingi imekatwa. Nyumba imeanguka, pamebaki kifusi na mpapai uliojiotea. Vijana wa sasa wanataniana na wakwe zao kama marafiki, na mimi nafurahi kuwaona. Lakini siku ile ya kumrudisha Bibi nilisimama uani, moshi ukinipanda machoni, nikazisikia sauti za Baba na Bibi zikija polepole kutoka kwenye mikarafuu. Walikuwa wanazungumza, wao wawili, bila ya mtu katikati. Mara Baba akacheka. Sikuwahi kumuuliza yeyote walikuwa wanasema nini.