Waliobaki Nje ya Geti

Mimi siyo mtu wa sinema, na nilimwambia mume wangu hivyo tangu asubuhi. Jumapili yenyewe ilikuwa ya mwezi wa saba, upepo wa Ufipa unakata masikio, na nyumbani nilikuwa na magunia ya mchele yananisubiri. Lakini mkuu mpya wa shule ya sekondari alikuwa ameomba itangazwe kanisani kwamba wazazi wote wa Pito wafike ukumbini baada ya misa, kila nyumba na blanketi. Nikasema, makubwa haya! Kikao gani cha kwenda na blanketi? Kumbe mablanketi yalikuwa ya kuziba madirisha, ili mchana ugeuke giza na picha ionekane ukutani.

Mume wangu ni fundi uashi, kwa hiyo kazi ya madirisha akapewa yeye. Alipanda juu ya mabenchi akapigilia mablanketi yote, na letu la mistari ya bluu akalipeleka dirisha kubwa la mbele, ubavuni mwa ukuta wa picha, tuonekane na sisi tumetoa kitu. Alikuwa na furaha kuliko watoto. Shule aliiacha darasa la tano akaenda kuchunga ng'ombe wa watu, na mpaka leo akipita karibu na darasa wanafunzi wakisoma kwa sauti, hupunguza mwendo asikilize.

Kati yetu alikaa binti wa marehemu kaka yangu. Tulimchukua kijijini Mwazye baada ya maziko akiwa bado wa kubebwa mgongoni, na sisi Mungu hakutujalia mwingine. Mimi ananiita shangazi. Mume wangu anamwita baba, maana baba mwingine hamkumbuki. Mwaka huo alikuwa kidato cha pili.

Sinema ilihusu mkuu mmoja wa shule, huko kwenye mji mkubwa wa wenzetu wa ng'ambo. Mtu mrefu, koti jeusi, hacheki hata akisalimiwa. Kijana wa kutafsiri, yule anayeongea peke yake sauti za watu wote, alikuwa amemtilia sauti ya kukoroma. Shule yake ilikuwa imeoza, wanafunzi wanaingia saa wanayotaka. Basi siku moja yule bwana akaja na kufuli. Kengele ilipolia akafunga geti, akatia ufunguo mfukoni, akawapa mgongo. Waliochelewa wakabaki wanatikisa vyuma, yeye hata kugeuka hakugeuka.

Jamani, ukumbi ulilipuka! Mfugaji mmoja aliyehamia kwetu na ng'ombe wake kutoka kanda ya ziwa akasimama kabisa, akatuziba sisi wa nyuma, anapiga kelele, "Huyo ndiyo mwalimu! Huyo aletwe hapa!" Mwenye duka jirani yetu akamjibu aletwe kesho. Wanawake wakawa wanawafinya watoto wao gizani: umeona? Umeona wewe? Bibi mmoja tu pembeni yangu aliuliza kwa sauti ya chini kama yule mtu ana watoto wake. Mwisho shule ikawa ya kwanza, mkuu akasimama peke yake getini anafuta macho, na mume wangu, mtu mzima, akalia na kamasi. "Ningempata mwalimu kama yule," aliniambia, "leo nisingekuwa nabeba matofali."

Ndipo mkuu wetu akasimama mbele. Hakusema mengi. Alichomoa kufuli kutoka mfuko wa koti, jipya, bado lina karatasi ya dukani, akauliza, "Wazazi, nifunge au nisifunge?" Wakapiga makofi. Akina mama wazee wakainama kidogo na kugonganisha viganja polepole, vile tunavyomwamkia mtu mkubwa. Mimi nilibanwa mlangoni, blanketi la mwenzangu likaniangukia kichwani, nikatoka nje nimekasirika.

Tulipokaribia nyumbani binti akauliza, "Shangazi, wale wa nje walienda wapi?"

"Wepi?"

"Wale waliofungiwa. Hawakuonyeshwa tena."

Mume wangu ndiye aliyejibu. "Walirudi kwao wakajifunze kuwahi." Mimi nikasingizia upepo, nikawahimiza tutembee.

Geti likafungwa kuanzia Jumatatu. Na mume wangu, sikiliza mambo haya, naye akanunua kufuli. Akamweka binti mbele yake akamwambia, "Ukifungiwa nje shuleni, na hapa mlango umefungwa. Usinijie na visingizio." Nilimwambia, we mzee, umerogwa na ukuta? Mtoto anaamka gizani, anapanga foleni ya maji, anakuchemshia uji wewe, ndiyo aanze safari ya kwenda shule kwenye ukungu! Mimi nikiwa bondeni Mtowisa kununua mchele, anafanya na kazi zangu. Akanijibu kwamba mapenzi yangu ndiyo yatakayomharibu. Tukanuniana, na ufunguo ukabaki mfukoni mwake.

Basi nikaanza kuwaona. Pale barabarani yanapopakia malori ya bondeni, asubuhi, masweta ya kijani ya shule yetu. Wamekaa kwenye magogo, mikono imefichwa kwapani kwa baridi, na vijana wa bodaboda wanawazunguka na maneno yao ya mambo na poa. Nikawa nawafokea, ninyi, hamna kwenu? Wananiamkia shikamoo, kisha wanatazama chini. Wiki iliyofuata wakapungua. Nikafurahi, nikasema kumbe dawa imeingia.

Nilifurahi mpaka nilipofika Mtowisa. Kule joto linakutoa jasho ukiwa umekaa. Nimesimama napimiwa mchele, nikamwona msichana amejitwika ndoo ya maji, na chini ya ndoo ameviringisha kitu cha sufu, kijani. Kule nani ana sweta? Nikasogea, nikaona nembo ya shule yetu imejikunja ubavuni mwa ndoo. Nilimwita, "We binti wa Pito!" Aliongeza mwendo, maji yakimmwagikia mabegani, akapotelea nyuma ya mashine ya kukoboa. Hamu ya mchele ikaniisha palepale.

Nilimsimulia mume wangu. "Huyo alikuwa mtoro tangu zamani," akasema. Binti alikuwa anapepeta ulezi mlangoni, akaacha kupepeta, akasikiliza, akaendelea. Hofu iliyoniingia siku ile siwezi kuieleza. Nilianza kumwamsha mapema mno, nampa viazi ale anatembea, namsindikiza kwa macho mpaka ukungu unammeza. Lakini biashara ni biashara, ilinibidi nishuke tena bondeni.

Siku ya kurudi, lori letu lilikuwa linapanda mlima, mzigo juu, sisi juu ya mzigo. Kwenye kona nyembamba tukakutana na lingine linashuka, ikabidi letu lirudi nyuma kulipisha. Lilipita karibu sana, vumbi tupu. Nilijifunika uso kwa kanga. Nasema nilijifunika uso, na ndiyo maana sikuona kilichokuwa juu ya lile lori.

Nyumbani nikakuta kufuli mlangoni na daftari za shule zimepangwa kizingitini, juu yake jiwe zisipeperuke. Jirani akatoka. Akaniambia binti alirudi asubuhi ileile, amefungiwa geti, akakuta na kwao kumefungwa. Alimkaribisha ndani akakataa. Alikaa kizingitini mpaka jua likawa kichwani, kisha akasema anakwenda Mtowisa kumfuata shangazi.

Mume wangu alipotoka kazini, saruji kwenye kope, nilimvaa palepale nje. Sikubakiza neno. Yeye aliutoa ufunguo mfukoni akautazama, akafungua mlango, akasema, "Atarudi. Akirudi ataomba radhi." Sauti yenyewe haikuwa yake, ilikuwa ile ya kukoroma ya kwenye sinema.

Hakurudi. Siku ya pili yake mwenzangu wa biashara kule bondeni ndiye aliyenipigia simu, kwamba kuna mwanafunzi wa kwetu anaosha vyombo mgahawani, na ananiulizia kila lori linapofika. Nikashuka na gari la kwanza.

Nilimkuta nyuma ya mgahawa, masufuria yamemzunguka. Shikamoo yake ilikuwa ileile, ya magoti. Alikuwa amevaa sweta, limefungwa vifungo mpaka shingoni, na jasho linamtiririka.

"Mwanangu, mbona hulivui? Utakufa kwa joto."

Akatazama upande wa mabenchi, ambako wanaume wa malori walikuwa wanakula. "Nikiwa nalo wananiita mwanafunzi, shangazi."

Nilimshika mkono nikamvuta mpaka kwenye gari. Akapanda, akashuka. Nikamvuta tena, watu wanatutazama, mimi nalia na kutukana kwa pamoja, na yeye hakunipinga kwa nguvu, alikuwa tu hatoki pale alipo. "Baba alisema mlango umefungwa," akasema. "Akinifungulia yeye, nitakuja." Ukaidi ule ni wa kaka yangu mtupu. Mwenye mgahawa, mama mnene mwenye huruma yake, akanivuta pembeni. "Dada, mlete huyo baba, na mje upesi. Kuna bwana mmoja wa ng'ombe wa huku bondeni ameshaniuliza sana habari za huyu mtoto. Mimi nauza wali, siyo askari."

Niliyafikisha maneno hayo nyumbani kama nilivyopewa. Mume wangu aliacha kula. Nikadhani amelainika. Akasema, "Nikimfuata, nitakuwa nimemfundisha nini?" Loo! Nililala upande wa magunia, na kuanzia hapo chakula nikawa namwekea mezani bila kumkaribisha.

Mwezi haujaisha, mkuu akatangaza sinema tena, kwa wazazi ambao hawakufika mara ya kwanza. Madirisha akaombwa fundi yuleyule. Akaenda! Alibeba blanketi letu begani, akapigilia moja moja, na mimi nikamfuata nikakaa benchi la nyuma, nataka nimwone akilia tena, nipate sababu ya kumwacha.

Ukumbi ulijaa. Picha ikaanza, koti jeusi, kengele, kufuli. Watu wakacheka palepale walipocheka wenzao mara ya kwanza. Geti likafungwa, na mikono ikashika vyuma. Safari hii sikumtazama mkuu. Niliwatazama wa nje, na kweli wamo, nyuso zao zimeonyeshwa kwa kitambo kidogo tu: mvulana mwenye kofia, mwingine mfupi, na msichana amejikumbatia kwa baridi. Kisha hawapo.

Mume wangu alikuwa amekaa mbele, chini ya lile dirisha kubwa. Akasimama. Nilijua anakwenda kuficha machozi. Akashika pindo la blanketi letu akalivuta kwa nguvu, misumari ikaruka, na jua lote la saa nane likaingia. Picha ikafutika. Ukabaki ukuta mweupe wenye nyufa zake, na sauti ya yule kijana wa kutafsiri inaendelea kukoroma amri bila mtu.

"Fundi!" mkuu akaita. "Vipi tena? Rudisha!"

"Binti yangu ni mmoja wa wale, Mkuu," akasema, akionyesha ukuta ambao haukuwa na kitu. Watu wengine wakapiga kelele aondoke. Yeye akalitupia blanketi begani, akapita katikati ya mabenchi mpaka kwangu, akaniuliza magari ya Mtowisa yanaondoka saa ngapi. Nikamwambia Jumapili hakuna. "Basi tuanze kwa miguu," akasema, na mimi nikakaza kanga kiunoni, nikamfuata.

Tulitembea mpaka giza, tukalala kwa watu, alfajiri tukapata lori. Tulipofika mgahawani, kitu cha kwanza nilichokiona ni sweta. Lilikuwa limetundikwa kwenye msumari ukutani, limefuliwa, limekauka. Binti alikuwa ameinama kwenye beseni, amevaa gauni la maua ambalo sikumnunulia mimi. Alisikia viatu vyetu, na bila kuinua kichwa akasema, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusema hivyo kutwa nzima, "Karibuni. Mtakula nini?"

Mume wangu alisimama na lile blanketi begani kwenye joto lile. Kisha akasema, "Chochote utakachotupa, mwanangu."

Mikono ya binti ikasimama ndani ya maji.