Binti Yangu Ameniomba Msamaha wa Makosa ya Shosho Yake

Admin, nifiche jina na usiweke jina la duka nafanya kazi, maana hapa Kiritiri watu wakinusa kitu hawatulii. Nina miaka thelathini na nane, nimeolewa, nina wasichana wawili, na nauza dawa za mifugo kwa agrovet ya mtu. Mkinitusi sawa, lakini mmalize kusoma kwanza.

Nilizaliwa Kibirichia kwa watu wa viazi. Mimi ndiye msichana wa kwanza kwetu, kwa hivyo nilipewa jina la mama ya baba, vile desturi inasema. Na kwetu ukipewa jina la mtu, wewe ni huyo mtu. Kwa wengine hiyo ni baraka. Kwangu ilikuwa balaa, kwa sababu huyo nyanya alimtesa mama yangu vibaya sana alipoolewa: alimwita tasa, alimnyima mahali pa kulima, alimfukuza kwa mvua. Kisha akafa nikiwa na miaka mitano. Mama hakuwa amemaliza naye, nikabaki mimi.

Tukichimba viazi, nikikata kimoja na jembe kwa bahati mbaya, mama ananishika shingo: "Hata ulipokuwa hai ulikuwa unaniharibia hivi hivi!" Mimi mtoto wa darasa la tatu! Siku moja alinilisha kile kiazi kibichi na udongo wake. Jina langu hakuwahi kuliita, aliniita "mama mkwe," ndugu zangu wanacheka, na baba anainama tu kujaza magunia yake.

Nikakua, nikaolewa huku, nikafikiri nimetoroka. Wapi! Msichana wa kwanza alipewa jina la mama ya mume wangu, na wa pili akizaliwa ni zamu ya mama yangu, hiyo haina mjadala. Nilimwambia mume tumpe jina lingine, akanishangaa. "Unataka mama yako afikirie umemzika akiwa hai?" Basi mtoto akaitwa Karimi kama mama, ingawa hilo si jina lao la kweli. Na mama anampenda huyo mtoto, aki! Anamnunulia nguo, anampakata, anamwambia, "Wewe ni mimi." Mimi nasimama hapo nikiona wivu kwa mtoto niliyemzaa mwenyewe.

Miaka miwili iliyopita nilianza kulia kazini bila sababu. Mama mmoja wa kanisani, ambaye ni mshauri, akaniazima kitabu cha mwanamke aliyeandika maisha yake ya utotoni. Nilikisoma kwa siku mbili, nikaomba kingine, na kingine. Kumbe kuna watu wameandika mateso yao wakapona! Mshauri akaniambia, "Andika yako. Na usiandike 'mama.' Andika jina lake, ndio uache kumwogopa."

Nikajaza madaftari matatu. Karimi alinilisha udongo. Karimi, Mungu atakulipa. Karimi, nakuchukia. Na nawaambia ukweli, nilikuwa napata nafuu. Hata wateja walisema siku hizi nacheka.

Likizo ya juzi Karimi wangu, ana miaka kumi, alikuwa anatafuta daftari la kuchorea. Akayapata yangu ndani ya sanduku la nguo, akayasoma yote matatu. Anajua kusoma sana huyo mtoto, nilikuwa najivunia.

Wiki nzima akabadilika. Anaosha vyombo kabla hajatumwa, anachukua nyama yake ananiwekea kwa sahani yangu. Mimi mjinga nikadhani ameokoka. Jumamosi nikianika nguo, akaja akasimama karibu na mimi.

"Mami, ni mimi nilikulisha udongo?"

Nguo ikaniponyoka. "Nani amekuambia hayo?"

"Nimesoma. Ni jina langu."

"Huyo ni shosho, mama yangu mimi."

"Shosho husema mimi ni yeye. Na wewe ukinichapa husema, 'Ni yeye huyu, amerudi.' Hata umeandika."

Nilikimbia nikafungua daftari la tatu. Kweli nimeandika, na mwandiko ni wangu: leo Karimi amenijibu kwa kiburi, nimemchapa mpaka mwiko ukavunjika, nimesikia raha. Jamani, mama yangu sijawahi kumgusa. Huyo ni mtoto wangu. Nilikuwa nasema napona, kumbe nilikuwa nimepata wa kumpiga.

Alinifuata huko ndani akapiga magoti. "Nisamehe, mami. Sitakufanyia vile tena."

Sasa sikilizeni aibu yangu. Hayo maneno nimeyangoja kwa mama zaidi ya miaka thelathini, na hatayasema. Nikimgusia tu, anasema niliota. Yalipotoka kwa mdomo wa mtoto wangu, moyo wangu ulitulia. Ulitulia kabisa! Badala ya kumwinua nimwambie hana kosa lolote, nilimwambia, "Nimekusamehe."

Akafurahi. Akaniuliza kama sasa nitampenda.

Mume alisema nichome hayo madaftari. Nimeyachoma, na imesaidia nini? Mtoto bado ananiachia nyama. Mshauri naona haya kumwambia, na vile vitabu vya watu waliopona sitaki hata kuviona. Jana nilimkalisha Karimi nikamwambia hajawahi kunikosea hata siku moja. Akaniangalia kwa hofu, akasema, "Lakini ulisema umenisamehe."

Nyinyi mliozaa na mnaojua kuongea na watoto, hebu niambieni, nitaanzia wapi na huyu mtoto? Au nimeshachelewa?