Chai ya Mama Veneranda

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja ya ukungu, mwaka ule wakimbizi walipovuka mto wa mpakani pale Rusumo na kujaa kambi ya Benaco. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini, nikiuza chai dukani kwa baba yangu, Mzee Athumani, mjini Ngara. Chai yetu ilisifika. Enzi za ukoloni, maofisa Waingereza walitaka chai kali ya maziwa, na mapadre Wafaransa waliipenda nyepesi, yenye harufu. Baba akachanganya majani makali na majani laini, akatia maganda ya machungwa yaliyokaushwa kivulini, na wote wakanywa birika moja. Nami nilizoea kuwaambia wateja kwamba aliibuni peke yake.

Siku hiyo akaingia mama mmoja mkimbizi, miguu imejaa vumbi jekundu. Aliinamia mvuke wa birika, akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu kana kwamba yuko usingizini.

"Hii ni chai ya mama yangu," akasema.

Nilimcheka mbele ya watu. Nikamwambia, "Mama, umekuja kuomba, sasa unataka na chai yetu iwe yako?"

Akatoka, akapotelea ukunguni.

Baba alikuwa chumba cha nyuma, akasikia yote. Alikuja akakaa juu ya gunia.

"Amesema kweli," akaniambia. "Mpishi wa mapadre wale alikuwa mama wa ng'ambo ya mto, jina lake Veneranda. Yeye ndiye aliyenifundisha kuchanganya. Watu waliponisifu nilinyamaza, na nimenyamaza mpaka leo. Nenda ukamtafute binti yake."

Nilizunguka Benaco siku tatu, kati ya mahema ya buluu na moshi wa kuni uliofanya kila uso ufanane na mwingine. Siku ya nne nikamwona kwenye foleni ya maji. Nilipiga magoti.

"Shikamoo, mama. Baba amenituma. Aliyemfundisha ni Veneranda."

Hakuitikia salamu. "Mtaje tena," akasema.

"Veneranda."

Machozi yakamtoka taratibu. "Huku hakuna anayemjua. Sikuja kuomba chai, binti. Nilitaka kumsikia mama akitajwa."

Tangu hapo, kila mteja aliyeuliza tulimwambia chai ile ni ya nani.

Mwanangu, ukisifiwa kwa kazi uliyofundishwa, mtaje aliyekufundisha, hata kama hakuna wa kukuuliza. Na mgeni akikuambia usilolijua, msikilize kwanza. Mungu akupe ulimi mkweli, na huko utakakofika akujalie watu watakaokuita kwa jina lako.