Mkwe Nyuma ya Mkeka

Mume wangu alisema nimepata wazimu. Mwanamke ana duka, ana watoto, ana jiko lake, halafu anaacha vyote anakwenda kuosha miguu ya wazee wa watu! Nilimjibu kwamba miguu yake itakapozeeka nitamkumbusha maneno hayo. Miaka ile reli ilikuwa bado ngeni kwetu Shinyanga, na ng'ambo ya reli wamisheni walikuwa wamejenga nyumba kwa ajili ya wazee wasio na mtu wa kuwatunza. Sisi wanawake wachache wa madukani tulipeana zamu kwenda kusaidia. Hatukulipwa chochote, na Waislamu wenzetu wengine walitusema, lakini uji ni uji na mzee ni mzee.

Kulikuwa na bibi mmoja kutoka Bugarama niliyempenda kuliko wote kwa sababu alikuwa na mdomo. Nikimpa shikamoo ataitika marahaba, kisha ataishika hii mikono yangu na kuigeuza. "Hii ni mikono ya kupimia sukari," anasema. "Mchi itauweza wapi?" Na alikuwa mlaji hasa. Ugali wa mtama ukiwekwa mbele yake haukawii.

Mvua za mwaka ule ziliangusha ukuta wa chumba cha wanaume. Ikabidi tuwahamishie chumba cha wanawake, hawa upande huu, wale upande ule. Katika vurugu hiyo gari la ng'ombe likamleta mzee mgeni kutoka upande wa Geita. Alikuwa kipofu, mpole, asiyeomba kitu. Tukampa kitanda kilichokuwa wazi, kikitazamana na cha bibi yangu.

Jioni ile bibi hakula. Kesho yake hakula pia. Alijifunika kaniki yake gubigubi, akageukia ukutani, na kila tulipomwita alitikisa kichwa humo humo ndani ya nguo. Alikuwa akinywa maji kidogo usiku, basi. Dresa, mfunga vidonda na mgawa dawa aliyekuwa akisimamia ile nyumba, mtu wa pwani kama baba yangu, alisema ni homa, akampa kwinini. Mpishi alikasirika akidhani chakula chake kinasingiziwa uchawi. Mimi niliona mifupa ya mabega ikianza kuchomoza chini ya ile kaniki na nikaingiwa na hofu ya kweli. Bibi alikuwa anakufa mbele ya sufuria iliyojaa.

Siku moja mchana dresa uvumilivu ukamwishia. Alikuja na bakuli la uji, akaishika kaniki na kuivuta mara moja. "Kula, bibi! Mbele ya watu wote, kula!"

Sijawahi kusikia mlio kama ule ukitoka kwa mtu mzima. Bibi alijitupa chini ya kitanda, akajikunyata huko akitafuta cha kujifunikia. "Mkwe wangu!" alilia. "Mnaniweka uchi mbele ya mkwe wangu!"

Wazee wote wakageuza nyuso zao, wanaume kwa wanawake, wengine wakajiziba midomo. Waliobaki wameduwaa ni dresa na mimi tu, watoto wa mjini. Dresa alijaribu kujitetea. "Bibi, yule ni kipofu. Hakuoni."

Sauti ikatoka chini ya kitanda. "Mimi namwona."

Hapo ndipo yule mzee mgeni alipoitambua sauti. Alisimama ghafla kana kwamba kitanda kimeshika moto, akapapasa ukuta, akaupata mlango, akatoka kwenye mvua bila fimbo. Tulimsikia akianguka. Nilipomfikia alikuwa anatambaa kwenye matope, akizidi kujitenga na nyumba, na nilipomshika mkono aliniomba nisimrudishe. Mwanamume mwenye mvi, ametota, anamkimbia bibi kizee asiyeweza hata kusimama! Mama mmoja wa Kisukuma aliyelala jirani na bibi ndiye aliyenieleza: yule alimwoa binti pekee wa bibi na kumpeleka Geita. Mkwe na mama mkwe hawakutani uso kwa uso, sembuse kula na kulala chumba kimoja. Na wote walikuwa wanajua? Walikuwa wanajua. Mbona hamkusema? Akanitazama kana kwamba nimemuuliza kwa nini hatembei uchi.

Nilikwenda mbio dukani, nikachukua mikeka miwili mikubwa bila kumuuliza mume wangu. Tuliitundika katikati ya chumba, tukatoboa njia ukutani upande wa pili ili wanaume wapitie huko, tukamrudisha mzee na kumkausha. Nilijisifu, sikatai. Nikapika uji kwa mkono wangu, nikautia samli, nikampelekea bibi.

Akausogeza kando.

Hasira zikanipanda. "Bibi, mkeka huo hapo! Sasa unataka nini, tukujengee ukuta wa mawe?"

Alinigeukia. Uso wake ulikuwa wazi kwa mara ya kwanza tangu mgeni aje, na sikupenda nilivyouona.

"Mayu," alisema, akiniita mama kwa Kisukuma, "nyumba hii mnawaweka watu gani?"

"Wasio na mtu, bibi."

"Basi nenda kamuulize mkwe wangu. Mtu wake yuko wapi?"

Ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa anamuulizia binti yake. Siku zote zile sisi tulihangaika na homa, na uchawi, na aibu, na yeye tangu yule mzee aliposhushwa kwenye gari alikuwa amelala na jambo hilo moja, hana wa kumtuma.

Nilizunguka mkeka. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa, alikuwa amesikia. Hata hivyo alisubiri nimuulize, nami nikamuuliza. Akajibu polepole.

"Mwambie mama homa ilimchukua mwanawe. Tumemzika huko huko Geita. Nilimtuma mtu alete habari, naona hakufika. Mwambie sikumwacha peke yake hata siku moja."

Nikarudi. Mkeka ni mkeka tu, hauzuii sauti, na machozi ya bibi yalikuwa yameshafika kidevuni. Lakini alinikazia macho, akangoja.

"Amesemaje?" aliniuliza.

Ikanibidi nimwambie, neno kwa neno, kwa mdomo wangu mwenyewe. Alilia bila sauti, muda mrefu, nami nimemshika. Kisha akajifuta kwa pindo la kaniki na kulitazama bakuli.

"Mpelekee yeye kwanza," alisema. "Hana tena wa kumpikia."