Mama Mudogo Alipoacha Kuonja

Kwetu Kingi, mwenye anakuuzia kasiksi njo anakunywa wa kwanza. Anajaza gobele, anavuta funda moja mbele ya macho yako, halafu anakupa. Ni kukuonyesha kwamba ndani hamuna sumu, ukunywe pombe yako ya ndizi na moyo mutulivu. Mama mudogo wangu, mwenye ninaishi kwake juu ya masomo, anaonjeaka watu wengi sana. Siku za soko anarudiaka nyumbani akiimba nyimbo za kanisa na maneno yenye haiko mu kitabu.

Halafu tumbo likamushika. Muganga akamupa vidonge vya amibe, vile vijidudu vya tumbo, akamuambia: "Mama, ukichanganya hivi na pombe, utatapika mpaka ushangae. Hata tone, hapana." Mama mudogo akatii. Anaogopaka muganga kuliko pasta.

Siku ya soko, motari mumoja, mukiliya wa siku zote, akasimamisha pikipiki yake, akakaa ku ubao. Mama mudogo akamupa gobele. Motari akaishika, akangoja.

"Mama, onja basi."

"Leo sikunywe, papa. Ninameza vidonge vya tumbo."

Motari akaangalia gobele, akaangalia lile tumbo, akaniangalia hata mimi, kama vile majibu yameandikwa ku paji la uso wangu. Akaiweka chini polepole, sawa yai. "Nitarudia," akasema. Hakurudia.

Mbele jua lizame, soko yote ilijua. Kesho yake habari ilikuwa imenenepa: pombe yake njo ilimugonjesha, na watu wengine pia. Mimi nikaanza uchunguzi, kwa sababu ulikuwa mutamu kuliko devuare ya hesabu yenye mwalimu alitupa tufanyie nyumbani.

"Nani aligonjwa?" nikauliza mama wa mandazi.

"Sijui, mutoto. Wanasema."

"Wanasema ni nani?"

"Wote."

Nikaenda kwa wote. Kila mumoja alinituma kwa mwingine, na wa mwisho akanirudisha kwa mama wa mandazi. Hakuna hata mumoja mwenye aliona muntu akitapika. Na kitu kilichonishangaza zaidi: hakuna mwenye alimuchukia mama mudogo. Walimusalimia vizuri, walimuuliza tumbo iko namna gani, halafu wakavuka barabara kwenda kukunywa upande ule, kwa muuzaji mwingine.

Ikafika mpaka ku maavoka yake, yale maparachichi anauzaka pembeni ya pombe. Nilipeleka mengine ku masomo nikauze. Rafiki yangu wa klasi akasema, "Onja kwanza." Nikaonja. Nikaonja mpaka ikabakia mbegu. "Iko salama," nikamuambia. Klasi yote ikacheka, na hakuna mwenye alinunua.

Kasiksi haingojake muntu. Siku chache tu, inachacha. Mama mudogo alikaa pembeni ya mabido yake, yale madumu ya pombe, akifukuza nzi.

"Nitaonja mimi," nikamuambia.

"Wewe? Utaonja bido muzima. Na mwenye anauza njo anaonja, hawatakubali kinywa cha mwingine."

"Basi onja kidogo tu."

"Nitapike mbele yao? Si watasema wamejionea na macho?"

Ile pombe tuliimwaga nyuma ya nyumba.

Vidonge vilipoisha, akatengeneza ingine. Siku ya soko akakaa mahali pake, akajaza gobele, akakunywa yote, akaipindua watu waone. Wakasogea. Si kununua: kuangalia. Waliongea juu ya maharagi na mvua, macho ku tumbo lake. Kusema kweli, hata mimi nilikuwa ninaliangalia. Mama mudogo akacheua kwa nguvu. Hakuanguka.

Motari wetu akakaa. "Weka moja, Mama."

Hakuna mwenye aliomba samahani. Wengine walibakia upande ule wa barabara. Walikuwa wamezoea ubao wa kule.

Jioni nikamuuliza: "Hauwakasirikie?"

"Nikiwakasirikia, nitauzia nani? Wewe?"

Nikasema mimi niko tayari, hata kila siku. Akanirushia kandambili. Halafu akanituma kukata ndizi za kuivisha, lakini mukungu mumoja tu, tuone kwanza kama watakuja.