Muuza Maharagwe wa Kwenye Barieri

Shule zilikuwa zimefungwa, Butembo imejaa watu wenye bunduki, na sisi wasichana wanne tulikuwa tunacheza. Siombi msamaha kwa hilo. Nilikuwa na miaka kumi na sita na kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada, kilichoachwa na mwalimu mgeni aliyekimbia vita. Ndani yake mlikuwa na kanuni za mchezo wa kusimuliana: kila mchezaji anakuwa shujaa wake, na msimulizi anakuwa watu wengine wote, kuanzia mfalme hadi mlinzi wa mlango. Ikitokea hatari, dadu linarushwa, na namba yake ndiyo hukumu. Msimulizi nilikuwa mimi.

Mashujaa wao siwakumbuki. Mmoja alikuwa na upanga, mwingine upanga mrefu zaidi. Ninayemkumbuka ni mwanamke niliyemtunga papo hapo kwa sababu walihitaji mtu wa kumwuliza njia. Nilimweka kando ya barieri, kile kizuizi cha askari barabarani, na beseni la maharagwe ya Musienene. Kitabuni hamna barieri wala maharagwe, mna mazimwi na madaraja, lakini sisi tulijua barabara ilivyo. Askari wa mchezo walipotaka kumchukulia beseni, nilimpa sauti ya shangazi yangu na Kiswahili cha kwetu, akasema:

“Mupange musitari kama batu bengine. Bunduki haiko kopo ya kupimia.”

Tangu siku hiyo mashujaa waliacha kutafuta hazina. Kila mchana walitaka kupita kwake tu, wasikie amewajibu nini askari. Sisi tulioinamisha macho mbele ya askari kila tulipotumwa sokoni tulikuwa na mtu mmoja asiyeinamisha.

Mmoja wa wale wachezaji alikuwa rafiki yangu wa karibu. Baba yake alikwenda Kamango kununua mchele, na hakurudi. Miezi saba ilipita. Maiti haikuonekana, kwa hiyo mama yake alikataa katakata kilio cha matanga kikae nyumbani kwake. Majirani walimsema chinichini kwamba anajidanganya. Yeye alifua mashati ya mumewe kila Jumamosi na kuyaanika mbele ya nyumba, wayaone vizuri.

Tulikuwa uani kwao siku ile askari wa mchezo walipochoka na ulimi wa yule muuza maharagwe. Mmoja akamwelekezea bunduki. Kanuni zilitaka dadu, nikalirusha. Moja, na kitabuni moja ni kifo.

“Amekufa,” nikasema, na mpaka leo najichukia kwa jinsi nilivyosema upesi.

Rafiki yangu akapiga yowe. Halikuwa la mchezo. Lilikuwa lile la msiba, la kushika kichwa kwa mikono miwili, na kwetu likisikika hakuna anayeuliza kwanza; unachukua ulicho nacho unakwenda. Sijafunga hata kitabu, wanawake walikuwa wameingia, huyu na kuni kichwani, yule na mkeka, mwingine tayari analia. Wote walidhani habari za Kamango zimefika. Nyuma yao akaja mama wa rafiki yangu mwenyewe mbio kutoka shambani, mikono imejaa udongo.

“Nani alileta habari? Eko wapi?”

Nikasimama. Nikasema hakuna habari yoyote. Aliyekufa ni muuza maharagwe wa mchezo wetu, hayupo duniani.

Mwenye kuni akautupa mzigo chini. “Batu ba kweli banakufa, na ninyi munacheza kifo! Leta ile kitabu tuchome.”

“Hapana, mama.” Sikuwahi kumjibu mtu mzima hivyo. “Ule ndiye mutu mumoja tu mwenye anabakatalia baaskari. Hatumuchomi.”

Mama wa rafiki yangu alikuwa amekaa juu ya zile kuni, anahema. “Alikuwa anabaambia nini?”

Nikamweleza, na ile ya bunduki na kopo. Akacheka kidogo kwa pua.

“Na nani alisema amekufa?”

“Dadu, mama.”

“Dadu ndiyo ilimuzala? Donc, basi, mumuinue.”

Nikalitupa dadu kwenye migomba. Nikasema risasi imepita pembeni, na yule muuzaji anaokota maharagwe yake huku akiwatukana. Wanawake walisikiliza wamesimama, hakuna aliyeondoka. Ndipo mama wa rafiki yangu akanisogelea, akanitazama machoni, akaongea nami kana kwamba mimi ndiye muuza maharagwe.

“Mama, wewe uko pale kwa barieri kila siku. Bwana yangu alipita na kofia ya bluu. Ulimuona?”

Kusema ndiyo kulikuwa rahisi, na wote wangefurahi. Lakini muuza maharagwe hakuwa mwongo, na mimi sikutaka kumfanya awe.

“Bado, mama,” nikajibu kwa sauti yake. “Lakini mimi sitoki hapa. Siku anapita, nimuambie nini?”

Akasimama, akapangusa mikono kwenye kitenge, akawatazama wale wanawake mmoja mmoja.

“Umuambie batu balikuja kumulilia, na mimi nikabarudisha kwabo.”