Redio Iliyozimwa

Fundi cherehani aliizima redio mwenyewe kabla mechi haijaanza. Ligi ilikuwa bado changa, lakini timu yake ilishafungwa mechi zote, na zote alizisikiliza hadi filimbi ya mwisho. Basi akajiambia kuwa mwenye mkosi ni yeye.

Akakaa kushona sare za shule, akikanyaga cherehani kwa nguvu ili imeze kelele za redio ya jirani. Sindano ikakatika. Hakuthubutu kusimama aweke nyingine, maana kimya kingemletea habari. Akaendelea kukanyaga hivyo hivyo, cherehani haishoni kitu.

Mara mtaa ukalipuka kwa shangwe. Shangwe za nani? Roho juu juu, akakaza macho mlangoni. Mumewe alikuwa shabiki wa wapinzani wao wa leo, na uso wake haukujua kuficha matokeo.

Mume akaingia anapiga mluzi.

"Pole, mama watoto. Tatu bila."

"Muongo mkubwa wewe! Si nimezima redio?"

"Sasa redio ina kosa gani? Kipa wenu mpira unampita miguuni kama kuku anapita mlangoni!"

Alishika mkasi amrushie, kisha akaurudisha juu ya cherehani. Siku zote hizo amejilaumu bure, kumbe hana hatia. Na hapo ndipo uchungu ulipomshika kwelikweli. Mkosi ungekuwa wake, angeuzima kama alivyozima redio. Ubovu wa timu auzime kwa kitufe gani?